Gari Lililonyooka

Kwa Philbert, barabara zote za duniani zilikuwa zinavuta kushoto. Hakuwahi kukaa akalifikiria jambo hilo, kama vile mtu asivyofikiria ulimi wake umelalaje mdomoni. Ukipanda kutoka Mbuba unauvuta usukani kulia kidogo. Ukishuka kuelekea Bukiriro unauvuta zaidi. Ukifika kwenye lami, penye tambarare, mkono wa kulia unabaki umening'inia kwenye usukani kama wa mtu aliyeshika kamba ya mbuzi mkaidi. Ndivyo gari linavyoendeshwa. Hakuwa na jingine la kulinganishia.

Haisi hiyo, basi dogo la parokia, ilinunuliwa wakati kambi ya wakimbizi ya Lukole inafungwa, mashirika ya misaada yakiuza vitanda, mapipa na magari yaliyochoka. Philbert alikuwa fundi mwashi wakati ule, anajenga nyumba ya masista. Dereva wa kwanza, marehemu Fideli, ndiye aliyemfundisha, jioni baada ya kazi, kwenye uwanja wa mpira wa shule. Somo la kwanza lilikuwa klachi. La pili Fideli alilitoa akiwa amekaa pembeni yake, anamenya karanga: "Livute kulia. Lisipovutwa linakupeleka kwenye migomba."

Philbert akalivuta. Fideli alipougua na kufa, yeye akarithi ufunguo. Hata mtihani wa leseni aliufanyia ndani ya haisi ileile, na mtahini alikuwa na haraka. Tangu hapo amebeba wanakwaya, wagonjwa, akina mama waliojifungulia njiani, majeneza, mifuko ya saruji, na mara moja ng'ombe wa mahari aliyekataa kutembea. Watu wa vilima vile hawakumwita Philbert tena. Walimwita Dereva, wakubwa kwa wadogo, hata akiwa shambani na jembe begani.

Mwaka huu, wiki ya ukaguzi wa magari, alilipeleka gari Ngara mjini kama kila mwaka, limeoshwa, rozari mpya kwenye kioo. Miaka mingine askari walitazama taa, breki, kizima moto, wakabandika stika. Safari hii alimkuta askari mgeni, mwanamke kijana aitwaye Joan, amevaa ovaroli juu ya sare.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

"Nisaidie jeki hapa mbele. Nataka kuona miguu yake."

Gurudumu la kushoto lilipoachana na ardhi, Joan alilishika juu na chini akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto linalosubiri kung'oka. Akaingia uvunguni na tochi, akakaa huko muda ambao Philbert aliuona kuwa si wa heshima kwa gari la kanisa. Alipotoka alikuwa na udongo kwenye kofia.

"Mzee, hizi bushi, mipira ya miguuni, zimekwisha. Si kwamba zimechakaa, hazipo. Boljointi inayoshika gurudumu la kushoto imekufa. Nyuma huku jani la springi limekatika, tena si jana. Unaliendeshaje hili?"

"Linakwenda tu, afande."

"Linakwenda wapi?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Philbert hakuona cha kuchekesha. Alidhani ameulizwa swali la kweli, akajibu, "Popote."

Joan alimpa wiki moja alirudishe likiwa limetengenezwa.

Padre Juvenali, aliyehamia parokiani mwaka huo, alimsikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango. Si mtu mkali. Ana hesabu zake tu, na katika hesabu hizo haisi ilikuwa mzigo. "Tengeneza," alisema. "Lakini likikataliwa mara ya pili, tunaliuza vipande. Hatutanunua jingine."

"Na mimi, Padre?"

"Wewe, mzee wangu, utakuwa umetumika vya kutosha."

Maneno yenyewe yalikuwa ya upole, na ndiyo maana yalimkaa. Alitembea nayo hadi nyumbani. Kuacha kazi si kufa, alijua. Kuna migomba, kuna kahawa kidogo, kuna mbuzi. Lakini alipojaribu kujiona asubuhi anaamka na hakuna ufunguo wa kutafuta mfukoni, alimwona mtu asiyemfahamu, hata jina la kumwitia hakulipata.

Fundi mzuri wa miguu ya magari yuko Nyakahura, upande wa Biharamulo. Anaitwa Shibuda, Msukuma mnene, sauti kama ngoma, na gereji yake ni mti wa mkaratusi, mabati manne na udongo uliolewa oili.

"Mhangaza amefika!" alipiga kelele, akimtania kwa kabila lake, kabla haisi haijasimama. "Umeniletea ndizi?"

"Nimekuletea chuma. Ndizi mnasema hamshibi."

"Hatushibi kweli. Ndizi ni tunda, ndugu yangu. Mtu mzima anakulaje tunda halafu analala?"

Kazi ilianza. Philbert alikaa juu ya ringi kuukuu akaangalia vitu vinavyotoka chini ya gari lake. Bushi zilitoka zikiwa unga mweusi, kama ndizi mbivu iliyosahaulika mkobani. Boljointi ilidondoka yenyewe nati ilipofunguliwa. Halafu, kutoka kati ya majani ya springi ya nyuma, Shibuda akavuta kitu bapa, akakipangusa kwenye suruali, akakiinua juani.

"Nani aliweka kandambili humu?"

"Fideli," alisema Philbert.

"Yuko wapi nimwone?"

"Alifariki."

"Mungu amrehemu." Shibuda aliinamisha kichwa kwa heshima, kisha akashindwa. "Lakini jamani, kandambili!"

Vipuri vipya viliingia, vyeusi, vinanukia duka. Lakini nati za bushi hazikukazwa. Shibuda alizishikisha tu kwa vidole, akashusha jeki, akasimama barabarani akaita: "Watu waingie! Wazito kwanza!"

Ilikuwa desturi ya gereji ile, na watu wa senta, pale madukani, waliijua. Wauza mahindi walikuja, vijana wa bodaboda wakaja, mwalimu mmoja mstaafu akaja na redio yake. Walijaza viti vyote, wamekaa wima kama wanaokwenda harusini. Shibuda alimweleza Philbert nusu ya mwili ikiwa tayari uvunguni. "Bushi ukiikaza gari likining'inia, umeikaza imejinyonga. Likirudi chini likabeba watu, inachanika. Lazima ikazwe imeshabeba mzigo wake." Spana ikalia. Ndani, watu wakaanza kubishana juu ya bei ya mbolea. Kazi ilipokwisha, wote walishuka isipokuwa bibi mmoja mwenye kuku kapuni.

"Bibi, tumemaliza. Shikamoo, na asante."

"Marahaba. Mimi nilidhani linakwenda Benaco."

"Linakwenda huko," alisema Philbert.

"Basi nashukia nini?"

Hivyo akaondoka Nyakahura na abiria mmoja na kuku. Haisi ilikuwa kimya. Ule mgongano wa chuma aliouzoea kwenye kila shimo haukuwepo, na kimya hicho kilimtia wasiwasi, kama nyumba ambayo watoto wameacha kulia ghafla. Alifika kwenye lami, akakanyaga mafuta. Gari likaenda kulia.

Hakuelewa. Alilirudisha. Likaenda tena kulia, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekupisha. Lori la makontena lilitokea mbele kutoka Rusumo, likapiga honi ndefu. Philbert alizungusha usukani kwa nguvu, haisi ikarukia kushoto, kuku akapiga kelele, upepo wa lori ukapita ukitikisa vioo. Alisimama pembeni ya barabara, akazima injini.

"Mwanangu," bibi alisema kutoka nyuma, "niteremshe hapahapa. Nitatembea."

Alimteremsha na kuku wake, akageuza gari, akarudi Nyakahura kwa mwendo wa jeneza, hasira ikipanda.

"Shibuda! Umeniharibia gari!"

"Nimekuharibia nini?"

"Linavuta kulia. Kwa miaka yote hii halijawahi kuvuta kulia hata siku moja!"

Shibuda alinyoosha mkono, akachukua ufunguo. Alipanda kwenye usukani, Philbert pembeni yake, wakatoka hadi mahali palipo wazi. Kisha Shibuda akaachia usukani, akakunja mikono juu ya tumbo. Haisi ilikwenda. Ilikwenda kama uzi uliovutwa na seremala, katikati kabisa ya upande wake, hadi Philbert akashikwa na kizunguzungu.

"Shika wewe sasa."

Walibadilishana viti. Philbert alishika. Likaenda kulia.

"Achia."

Aliachia. Likanyooka.

"Shika."

Kulia.

Shibuda alikuna kidevu. Yeye mwenyewe alionekana amechanganyikiwa. "Ndugu yangu," alisema mwishowe, "gari halina kitu. Kwetu ningesema umerogwa. Nadhani ni huo mkono. Unavuta."

"Sivuti."

"Unavuta, nakuona. Hata sasa, gari limesimama, unavuta."

Philbert aliutazama mkono wake wa kulia. Mshipa ulikuwa umesimama kutoka kiwiko hadi kiganja. Alijaribu kuulegeza, akaona kwamba hajui inafanywaje.

Nyumbani alimsimulia mkewe, Nahimana, akitarajia acheke. Hakucheka. Alikwenda chumbani akarudi na koti la Jumapili, akalining'iniza kwenye msumari ukutani.

"Tazama, Baba Odeta. Bega la kulia limeshuka. Siku zote nilimlaumu fundi cherehani."

Alilitazama koti. Lilisimama pale kama mtu mwingine aliyechoka upande mmoja. "Kwa hiyo nimepinda?"

"Sijasema umepinda. Nimesema bega limeshuka."

Usiku huo hakusinzia upesi. Fideli alikuwa mtu mwema, tena mcha Mungu, na alichomfundisha kilikuwa kweli. Bila kulivuta kulia wangeingia kwenye migomba. Sasa kweli ile ilikuwa inataka kumgongesha lori. Lini ilikoma kuwa kweli? Ilipoondoka kandambili? Na kama mkono wake ulijifunza ubovu wa gari bila yeye kujua, ni nini kingine alichojifunza hivyo, kwenye ndoa, kwenye sala, kwenye kusalimiana na watu? Aliwaza akafika mahali pasipo na njia ya kutokea, akamsikiliza Nahimana akipumua.

Ni Nahimana aliyesema waende Lukole. "Kule hakuna magari," alisema. "Na njia zake zimenyooka. Ukigonga, utagonga msonobari."

Yeye alikulia huko. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, kambi ilipokuwa bahari ya plastiki za bluu, akaolewa na Philbert kabla haijafungwa. Sasa pana miti, mashamba ya mahindi, na hapa na pale sakafu ya saruji iliyopasuka na magugu. Lakini barabara za kambi bado zipo, zimekatizana kama mistari ya daftari, nyingine ni nyasi tu zilizolala.

Philbert aliendesha. Gari lilikwenda kulia, akalirudisha, likaenda kulia. Nahimana alikaa pembeni akitazama nje.

"Hapa palikuwa pa kuchotea maji," alisema. Kisha, baadaye, "Unajua nilipotea hapa siku za kwanza?"

"Ulipotea vipi na njia zimenyooka hivi?"

"Ndiyo maana nilipotea. Kwetu njia zinazunguka shamba la mtu, zinapita chini ya mti, unazijua kwa kona zake. Hapa zote zilikuwa moja. Nilikuwa natumwa kuni, narudi, naingia kwenye hema la watu wengine. Nilipigwa sana na mama."

"Ukazoea lini?"

Alifikiri. "Sikumbuki. Siku moja tu nilifika nyumbani."

Philbert alitaka jibu lingine, lenye siku na namna. Aliendelea kuendesha. Aligundua kwamba akishika kwa mkono wa kushoto peke yake haisi inanyooka, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umekulia kwenye gia, haukufundishwa uongo wowote. Lakini mkono huohuo ndio unaobadilisha gia. Kila alipouondoa usukanini, wa kulia ulipokea kazi, na gari likahama kuelekea ile sehemu ya barabara ambayo lori hutokea. Walizunguka hadi mafuta yakapungua. Nahimana akamfutia jasho la shingoni kwa kanga yake, kama anavyofutwa mtu mwenye homa.

Siku ya kurudia ukaguzi ilifika akiwa hajui chochote zaidi ya hapo. Joan aliinua jeki, akatikisa, gurudumu likakaa kimya. Akaingia uvunguni, akatoka upesi. "Fundi wako anajua kazi," alisema. "Miguu imepona. Tuliendeshe kidogo, nisikilize breki, nikubandikie stika."

Philbert alipanda. Joan alikaa pembeni, akafunga mkanda. Kwenye gia ya kwanza walikwenda vizuri. Ya pili, wakahama. Alirudisha. Ya tatu, bodaboda aliyekuwa anakuja aliingia majanini akatukana kwa Kihangaza. Alirudisha, akazidisha, tairi la kushoto likakanyaga ukingo wa mtaro.

"Simama, mzee."

Alisimama.

"Umekunywa?"

"Hapana, afande."

"Rubisi kidogo? Ya asubuhi?"

"Hata chai sijanywa."

Joan alimsogelea akamnusa, kwa aibu ya mtoto anayemnusa baba yake, kisha akatoa kile kifaa cha kupuliza. Philbert alipuliza hadi mashavu yakauma. Kifaa hakikuonyesha kitu. Joan alikigonga kwenye goti, akakitazama tena.

"Sasa mbona unayumba?"

"Gari limenyooka, afande," alisema Philbert. "Ndiyo maana linayumba."

Alijisikia akisema, na akajua jinsi inavyosikika. Alianza kueleza: Fideli, uwanja wa mpira, migomba, kandambili, mkono. Kadiri alivyoeleza ndivyo maelezo yalivyozidi kufanana na ulevi.

Joan alifungua mkanda. Alishuka, akazunguka, akamwashiria ahamie pembeni. Aliendesha mwenyewe hadi chini ya mteremko, akageuza, akarudi, na njia nzima Philbert aliitazama mikono yake. Ilikuwa imelala tu kwenye usukani, haifanyi lolote, kama ya mtu anayesubiri chakula. Alimwonea wivu wa ajabu.

"Hujawahi kuendesha gari lingine?"

"Hili tu."

"Umeliendesha miaka mingapi?"

Philbert alifungua mdomo kutaja miaka, kisha akaona si kweli. "Hili la sasa? Tangu juzi."

Joan alitoa stika, akaimenya, akaibandika kwenye kioo kwa kidole gumba, akiisugua pembe zote. "Gari nimelipitisha," alisema. "Wewe bado. Usipakie mtu yeyote, si kwaya, si mgonjwa. Nenda peke yako, polepole, njia za ndani. Wiki ijayo uje uniendeshe tena. Ukinyooka, nitampigia Padre wako mimi mwenyewe."

"Na nisiponyooka?"

"Mzee, tusifike huko."

Akamkabidhi ufunguo. Philbert alikaa na ufunguo mkononi, hajui kama amepewa au amenyang'anywa. Gari lilikuwa limesalimika, Padre hangeliuza. Dereva wake alikuwa amebaki kwenye jeki, gurudumu moja hewani.

Alirudi kwa njia ya ndani, gia ya pili, hakuibadilisha kabisa. Alishika usukani kwa mkono wa kushoto na ule wa kulia akaukalia, chini ya paja, kama vile watoto wanavyoambiwa kanisani. Lakini wiki ijayo Joan hatakubali mtu aliyekalia mkono. Kwenye mteremko wa kwanza akautoa, akauweka juu ya usukani bila kuushika, ukalala pale mzito, mgeni. Gari likahama kidogo. Alingoja. Hakulirudisha. Likahama tena, au labda barabara ndiyo iliyopinda. Hakuwa na namna ya kujua. Alisimama, akashuka, akatembea hadi nyuma kutazama alama za tairi kwenye vumbi. Zilikuwa zimenyooka, kisha zimekwenda kulia, kisha zimenyooka tena sehemu ndefu, ambapo hakukumbuka alifanya nini.

Alirudi kwenye usukani. Nyuma yake kengele ya baiskeli ililia, na Yohanes muuza mkaa, magunia yamepangwa juu hadi kichwani, akampita akizuia baiskeli kwa shida kwenye mteremko.

"Dereva!" aliita bila kusimama. "Limekufa tena?"

"Hapana. Ni zima kabisa."

"Sasa mbona unakwenda kama unamtafuta aliyepotea?"

Philbert aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, kwa wepesi kadiri alivyoweza, akaachia breki, akamfuata Yohanes kwa umbali, akitazama mkaa ukiyumba mbele yake, si mkono wake.